Haba na haba ya ngano: serikali kuu ya Marekani na mlango wa mwananchi

Kwa mavuno ya mwaka 1941 Roscoe Filburn, mkulima wa Ohio, alikuwa ameruhusiwa na serikali kulima ngano ekari 11.1. Akapanda ekari 23. Zile 11.9 za ziada zilimpa busheli 239 (busheli ni kipimo cha nafaka), na serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu iliyoko Washington, ikamdai faini ya senti 49 kwa kila busheli: dola 117 na senti 11. Filburn akaenda mahakamani. Ngano ile, alisema, ni ya kulisha ng'ombe na kuku wake, ya unga wa nyumbani na ya mbegu za msimu ujao. Haijavuka mpaka wa jimbo, haijafika hata gulioni. Washington inaingiaje shambani kwake?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya namna Katiba ya Marekani ilivyojengwa. Bunge la shirikisho halina mamlaka ya kutunga sheria juu ya jambo lolote linaloona lina manufaa. Lina orodha ya mamlaka, nyingi zikiwa katika Ibara ya 1, sehemu ya 8, na Marekebisho ya 10 ya mwaka 1791 yanasema yasiyotajwa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwa hiyo anayepinga sheria ya shirikisho huanza na swali la kwanza kabisa: mamlaka haya yametoka kwenye kifungu gani? Wengi huruka hatua hii wakakimbilia haki ya kusema au ya kumiliki silaha, ilhali sheria ikikosa kifungu cha kuegemea huanguka hata kama haijagusa haki yoyote iliyotajwa.

Kifungu kinachoegemewa kuliko vingine ni kile kinacholikabidhi Bunge mamlaka ya kusimamia biashara kati ya majimbo. Ndicho kilichombana Filburn. Novemba 1942 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kauli moja. Jaji Robert Jackson alieleza kwamba ngano ya mkulima mmoja ni kidogo, lakini ukijumlisha ya wote wanaofanya kama yeye, mahitaji ya soko yanapungua na bei inayumba nchi nzima. Ni hesabu tunayoijua tangu utotoni: haba na haba hujaza kibaba. Tatizo ni kwamba kibaba hiki hakikupewa ukingo. Ukijumlisha matendo ya watu milioni, hakuna tendo lisilogusa soko.

Hata hivyo, wanaoitaja kesi hii kama mfano wa ubabe mara nyingi huacha nusu ya habari. Mpango ule wa kuwawekea wakulima kikomo cha ekari ndio uliopandisha bei. Ngano ya Marekani iliuzwa wastani wa dola 1.16 kwa busheli, wakati bei ya dunia ilikuwa kama senti 40. Wakulima wenyewe walikuwa wamepiga kura ya kukubali viwango. Bei nzuri haiwezi kudumu kama kila mmoja anaachiwa kujiongezea ekari.

Tena kuna historia ya upande wa pili, na ni nzito. Mwaka 1916 Bunge lilizuia kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto. Mwaka 1918 Mahakama iliifuta sheria hiyo kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikisema uzalishaji ni suala la jimbo. Matokeo yake, jimbo lililowalinda watoto wake lilishindana kwa bei na jimbo lisilowalinda. Uamuzi huo ulidumu hadi 1941.

Kisha ikaja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyokataza hoteli na mikahawa kubagua wateja kwa rangi. Kwa kuwa tangu 1883 Mahakama ilishikilia kwamba Marekebisho ya 14, yanayotaka kila mtu alindwe sawa na sheria, yanaibana serikali tu na si mfanyabiashara binafsi, Bunge liliegemea kifungu cha biashara. Hoteli moja ya Atlanta yenye vyumba 216 ilidai kwamba kulazimishwa kupokea wageni weusi kunavunja uhuru wa mwenye mali. Karibu robo tatu ya wageni wake walitoka nje ya Georgia, ikashindwa. Mkahawa wa nyama choma wa Birmingham ulikuwa kesi ngumu zaidi, maana wateja wake walikuwa wa hapo hapo. Mahakama ikaangalia jikoni: nyama ya dola 69,683 iliyonunuliwa kwa mwaka ilitoka nje ya Alabama kupitia muuzaji wa mjini. Ikatosha. Kwa msafiri mweusi wa mwaka ule, mkono mrefu wa Washington ndio uliomfungulia mlango, na jimbo ndilo lililokuwa limeufunga.

Ukingo ulianza kurudi mwaka 1995. Mahakama ilifuta sheria ya kuzuia bunduki karibu na shule, na mwaka 2000 ikafuta sehemu ya sheria ya ukatili dhidi ya wanawake, zote 5 kwa 4. Kipimo kikawa hiki: tendo lenyewe lazima liwe la kiuchumi ndipo lijumlishwe. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1996 Bunge liliandika upya sheria ya bunduki, likaongeza kwamba silaha iwe imewahi kupita kwenye biashara ya majimbo. Karibu kila bunduki imepita. Ukingo ukawa kazi ya mwandishi wa sheria. Mwaka 2012 nako, katika kesi ya sheria iliyomtoza adhabu asiyenunua bima ya afya, Mahakama ilikataa kwamba kutonunua ni biashara, kisha adhabu ile ile ikapita kwa jina la kodi.

Kwangu mimi mstari ulipindwa mwaka 2005, katika kesi ya bangi ya tiba ya California. Maafisa wa shirikisho walikuwa wameng'oa miche 6 ya mwanamke aliyeitumia kwa matibabu, iliyoruhusiwa na sheria ya jimbo. Majaji 6 kwa 3 waliiunga mkono serikali kwa hesabu ya Filburn. Hoja yao si ya kupuuzwa: mche wa nyumbani na wa sokoni hautofautiani kwa macho, na wa nyumbani huvujia sokoni. Lakini Filburn alikuwa ndani ya soko lililompa bei. Mgonjwa huyu hakuuza kitu, wala hakufungulia umma mlango kama ile hoteli. Tofauti hiyo ingetosha kuwa ukingo.

Kinachowapa watu nafuu leo ni kanuni nyingine, iliyothibitishwa 1997: Washington haiwezi kuwaamuru polisi wa jimbo watekeleze sheria yake. Maafisa wake ni wachache, ndiyo maana maduka ya bangi yako wazi Denver, jimbo la Colorado, na Seattle. Nafuu hiyo haifiki idara ya uhamiaji, ambayo ni ya shirikisho yenyewe. Mwongozo wake wa 2019 unasema kosa la bangi chini ya sheria ya shirikisho linaweza kumnyima mwombaji uraia kwa kukosa tabia njema, hata kama jimbo lake limeiruhusu. Mhamiaji wa Kenya au Kongo anayeuza dukani humo kwa leseni halali ya Colorado anaweza kuulizwa hilo siku ya usaili, na akikiri, leseni ya jimbo haimkingi.