Uchawi Ukiwa Kweli, Hakimu Anapata Utetezi

Riwaya niliyoimaliza juzi, ya fantasia ya giza kuhusu wachawi na mateso ya kidini, ilinishika kwa kurasa mia za mwanzo. Kisha shujaa akafungwa kwenye nguzo, kuni zikawashwa, kamba zikaungua, ngozi yake isishike moto. Mji mzima ukateketea. Kumbe alikuwa mchawi kweli.

Wanaotetea mbinu hii ya kuufanya uchawi uwe wa kweli wana hoja nzito. Kumbukumbu za kesi za uchawi za Ulaya ya zamani ziliandikwa na makarani wa mahakama. Sauti ya mshtakiwa imetufikia ikiwa imekwisha kukamuliwa na mateso. Fantasia inamrudishia hasira yake na uwezo wa kujibu, na msomaji aliyewahi kuonewa hupata faraja humo. Siibezi faraja hiyo.

Lakini uchawi ukiwa kweli, waliomwogopa walikuwa na sababu ya kuogopa. Kati ya karne ya 15 na ya 18, Ulaya iliua watu wanaokadiriwa kuwa 40,000 hadi 60,000 kwa kosa lisilotendeka. Kinachotisha ni hicho, na mwandishi amekifuta.

Mwaka 1628 huko Bamberg, Ujerumani, meya Johannes Junius alimwandikia binti yake barua kutoka gerezani, kwa taabu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeharibiwa na mateso. Anaeleza kwamba alipokubali kukiri uongo, walimtaka awataje wenzake. Akasema hakuwatambua. Wakamwamuru aanzie sokoni, apite kwa mawazo mtaa baada ya mtaa, na kila mtaa atoe majina. Pembeni mwa barua akaongeza kwamba watu sita waliomtaja yeye walikuwa wamemwomba msamaha kabla ya kuuawa.

Riwaya yetu haina mtaa kama huo. Ina padri mmoja katili anayefurahia kila kilio, basi. Hata ndani ya Kanisa wapo waliosita: Alonso de Salazar Frías, mchunguzi wa Inkwizisheni ya Hispania, mahakama ya kidini iliyowasaka wazushi, aliwahoji mamia ya waliokiri baada ya hukumu za uchawi zilizotolewa katika mji wa Logroño mwaka 1610, akahitimisha kwamba hakuona ushahidi wa uchawi wowote. Mtu wa aina hiyo angekuwa mpinzani wa kweli wa padri yule.

Na yupo mtumishi wa kike, sura ya tatu, anayetoa ushahidi dhidi ya shujaa huku mikono yake imefungwa vitambaa. Hatuambiwi kwa nini imefungwa. Anashuka kizimbani, na hatumwoni tena. Ningeuacha ule moto wote nimfuate yeye hadi nyumbani.