Familia yenye mchujo: bweni la sekondari ya Kikatoliki Nyanda za Juu Kusini

Mzazi wa Mbeya, Njombe au Iringa anayetafuta sekondari ya Kikatoliki kwa ajili ya mwanawe huambiwa, hata kabla ya kutajiwa ada, kwamba pale wanafunzi huishi kama familia. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Nyingi za shule hizi ni ndogo, zina mikondo miwili au mitatu kwa kidato, na masista au mapadre wanaishi hatua chache kutoka mabwenini. Mkuu wa shule anawajua watoto kwa majina, na mara nyingi anajua hata parokia walikotoka. Lakini familia hiyo hupimwa Desemba, pale mtoto anapopata wastani wa 47 katika shule inayotaka 50, akachujwa, yaani akaambiwa atafute shule nyingine.

Tuanze na siku yenyewe. Kengele hulia kati ya saa 10:30 na saa 11 alfajiri. Hufuata sala au Misa, usafi wa mabweni na mazingira, uji, kisha mstarini, na vipindi huanza saa 2. Mchana ni chakula, halafu kazi za mikono: bustani, mifugo, kuni, kudeki. Jioni ni michezo, Rozari, chakula, kisha prepo, yaani kujisomea darasani, mpaka saa 3:30 au saa 4 usiku. Anayelala saa 4 na kuamka saa 10:30 amepata saa sita na nusu za usingizi, wakati wataalamu hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Ndiyo maana prepo ya usiku ina vichwa vingi vilivyolala mezani. Walimu huona uvivu, ilhali hesabu ya saa inatosha kueleza.

Baridi nayo ina sauti kubwa kuliko ratiba. Juni na Julai usiku wa Mbeya, Makete au Mufindi huwa mkali, na mtoto aliyetoka Dar es Salaam na blanketi moja jembamba halali. Maji ya kuoga alfajiri ni ya baridi kali, hivyo wengi huruka kuoga, na baada ya wiki chache upele na fangasi huanza kuzunguka bweni zima. Ukungu wa Mufindi huzuia nguo kukauka, wanafunzi huvaa sweta na soksi mbichi, kisha kikohozi kinafuata. Dawa yake ni rahisi: ruhusu kuoga saa 10 jioni kabla jua halijazama, na andika kwenye fomu ya kujiunga blanketi mbili nzito na sweta mbili. Shule zinazofanya hivyo zipo, na tofauti huonekana kwenye chumba cha wagonjwa.

Hapo ndipo udogo wa shule unapokuwa baraka ya kweli. Wiki sita za kwanza za kidato cha kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Mtoto analia usiku, anakosa hamu ya kula, anaumwa tumbo lisilo na ugonjwa. Katika shule ya wanafunzi elfu moja na zaidi anaweza kukosa milo mitatu bila mtu kugundua. Katika shule ya mia tatu, matroni humkosa kwenye uji wa siku hiyohiyo. Kawaida ya kumkabidhi kila mgeni kwa dada au kaka mlezi wa kidato cha tatu, anayemwonyesha namna ya kutandika, kufua na kupanga tranka, huokoa watoto wengi. Homa ya matumbo na nimonia pia hugunduliwa mapema pale mtu mzima anapomjua mtoto alivyo akiwa mzima.

Chakula nacho kinahitaji kuelezwa, maana wazazi hulalamikia kitu kisicho tatizo. Ugali na maharage kila siku si kosa, mahindi na maharage ndiyo mali ya eneo hili. Kasoro iko kwenye kupika. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharage yasiyolowekwa usiku kucha huchelewa mno kuiva, kuni zinapungua, mpishi anaepua kabla ya wakati, na nusu ya bweni inalala na gesi tumboni. Kuloweka jioni, kumwaga maji yale na kufunika sufuria vizuri huondoa tatizo bila kuongeza shilingi kwenye ada.

Kuhusu imani, ukanda huu una Wamoraviani wengi upande wa Mbeya na Walutheri wengi upande wa Njombe na Iringa, na watoto wao hujaa kwenye shule hizi, pamoja na Waislamu. Shule ikieleza mapema nani anahudhuria Misa, nani anaruhusiwa kwenda ibada yake Jumapili, na futari ya Ramadhani itapatikanaje, kwa kawaida pande zote huridhika. Ikinyamaza, ugomvi unakuja.

Jambo zito zaidi ni viranja. Shule ndogo huendeshwa nao: wanasimamia usafi, ukimya, zamu na foleni ya bwaloni. Kiranja mwema hufika pasipofikiwa na mwalimu, lakini kiranja mwonevu katika jumuiya ndogo hana pa kukwepwa. Unakula naye, unalala chumba kimoja naye, unasali naye. Jina baya likikushika kidato cha kwanza linakufuata miaka minne. Taratibu za Serikali zinataka kiboko kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa kwa maandishi, na visizidi vinne. Kiranja hayumo. Mtoto pia anahitaji mtu mzima mmoja asiyetoa adhabu, ambaye anaweza kumwendea bila kupitia kwa kiranja. Pale ambapo mlezi wa kiroho ndiye pia mwalimu wa nidhamu, mlango huo umefungwa.

Sasa turudi kwenye wastani. Kwa maoni yetu mchujo una asili inayoeleweka. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipoziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali, seminari, yaani shule za kuandaa mapadre, zilibaki kwa Kanisa. Seminari kama Mafinga, Likonde na Kaengesa zikawa kielelezo cha malezi: kengele, ukimya, kazi na kuchuja. Kuchuja kuna maana seminarini, kwa sababu kunatafuta wito wa upadre. Msichana anayetaka kuwa mhasibu hana wito wa kupimwa kwa namna hiyo.

Wanaotetea wastani wa 50 wana hoja. Mzazi analipa ili mwanawe asome na wenzake wenye bidii, walimu ni wachache, na mtoto aliyeachwa nyuma sana huteseka darasani kila siku. Wengine husema wazi kwamba bila wastani, jina la shule litashuka. Hoja hii ya mwisho imepungua nguvu tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora.

Angalia hesabu, hata hivyo. Katika mtihani wa kidato cha nne alama C huanzia 45, nayo ni pointi 3. Mwenye C saba ana pointi 21, yaani Daraja la Pili. Mtoto wa wastani wa 47 anayeambiwa Desemba atafute shule nyingine huenda ni mtoto wa Daraja la Pili. Tena, mwaka wa kwanza wastani hupima Kiingereza kuliko akili. Aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili huko Ileje au Makete hukutana na Fizikia na Historia kwa lugha mpya, wakati mwenzake wa mjini ameisomea miaka saba. Mchujo wa mapema, basi, huwaondoa watoto wa vijiji vinavyoizunguka shule, wa parokia zilezile zilizochanga matofali.

Wastani unaweza kubaki kama kengele ya tahadhari. Majaribio ya Machi yaonyeshe nani yuko chini, mzazi aitwe Aprili, na mtoto apewe masomo ya ziada saa 10 jioni mara tatu kwa wiki badala ya kazi za mikono. Kidato cha kwanza kianze na wiki sita za Kiingereza kabla ya masomo mengine kushika kasi. Ikibidi ahame, uamuzi ujulikane Septemba, kwa maana mzazi anayepewa barua Desemba hukuta nafasi kwingine zimejaa na ada ya Januari inadaiwa.