Gundi inayoponya utumbo ndiyo inayoushikanisha

Mtu aliyepasuliwa utumbo akisikia kwamba matumbo yanaweza kushikana kwa makovu, huuliza: nitumie nini yasishikane? Ana haki ya kuuliza, ila jibu lina pande mbili.

Utando unaofunika matumbo ukikatwa, ukikwaruzwa au hata ukikauka wakati tumbo liko wazi, hutoa majimaji yenye fibrini, inayonata kama gundi. Kwa kawaida mwili huiyeyusha ndani ya siku chache. Isipoyeyuka, hugeuka kamba ngumu ya kovu inayoweza kuukunja utumbo kama mpira wa maji uliopindwa, kitu kisipite. Lakini gundi hiyohiyo ndiyo inayoziba mshono pale ncha mbili za utumbo zilipounganishwa.

Kwa hiyo kuizuia kuna gharama. Zipo karatasi laini za kuyeyuka ambazo daktari hutandika kati ya viungo, na kweli hupunguza kushikana. Katika jaribio moja kubwa, ambalo majibu yake yalitoka 2003 na 2006, waliorudi kupasuliwa kwa utumbo ulioziba kwa makovu walipungua kutoka asilimia 3.4 hadi 1.8. Hata hivyo, jumla ya walioziba utumbo haikupungua, na karatasi ilipozungushiwa mshono mbichi, mishono ilivuja zaidi. Mshono unaovuja unaua. Mimi nisingekubali iguse hapo.

Ninachokiamini zaidi ni mikono ya mpasuaji: kugusa kwa upole, kuzuia damu, kutumia matundu madogo inapowezekana, na glavu zisizo na unga, kwa kuwa unga huo huchochea makovu. Marekani ilizipiga marufuku glavu za unga kuanzia Januari 2017.

Na mgonjwa mwenyewe? Kutembea mapema, kula mapema daktari akiruhusu, hata kutafuna chingamu: vyote huamsha utumbo. Kwamba vinazuia makovu, hilo halijathibitishwa, lakini ningevifanya vyote kwa ajili ya uponyaji. Kukanda tumbo mshono ukiwa mbichi, hapana. Wala tusikimbilie kukatwa makovu kwa sababu ya maumivu tu, maana kisu kinachoyakata huacha jeraha linaloota mengine.

Tumbo likisokota kwa vipindi, likajaa, ukatapika, upepo ukakataa kutoka, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ulipasuliwa miaka kumi iliyopita.