Hesabu ya mikono

Ukikaa na wazazi wenye watoto walemavu hapa Mombasa, mazungumzo yakarudi kwenye mwaka wa korona, utasikia kauli mbili. Ya kwanza: ule mwaka ndio nilimjua mwanangu. Ya pili: ule mwaka ulimrudisha nyuma mwanangu. Kinachonishangaza ni kwamba mara nyingi zote mbili hutoka kinywani mwa mtu mmoja, katika kikao kimoja, kabla kahawa haijapoa.

Kauli hizo zimezaa hoja zinazovutana mpaka leo. Wako wanaosema miezi ile ilithibitisha kwamba mahali pa mtoto mlemavu ni kwao, miongoni mwa watu wake, na kwamba shule za bweni tunazowapeleka ni njia ya kuwaficha kwa adabu. Wako wanaojibu kwamba ilithibitisha kinyume: mtoto akikosa mwalimu na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mapenzi ya nyumbani hayamnyooshi goti. Mimi si mtazamaji wa mbali. Dada yangu anakaa Majengo, na mwanawe wa pili, aliyekuwa na miaka tisa wakati ule, ana mtindio wa ubongo. Hakai bila kuegemezwa, hasemi, lakini anasikia kila neno na ana mzaha kutushinda sote.

Shule zilitangazwa kufungwa Jumapili, tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya nchi kuambiwa kuwa mgonjwa wa kwanza amepatikana. Za bweni zilipewa hadi Jumatano ziwe zimewarudisha watoto makwao. Jambo hili lilisemwa harakaharaka kama habari ya usafiri, na watu wakaendelea na mengine. Lakini watoto wengi wenye ulemavu wa kiasi cha mpwa wangu husoma bweni, kwa sababu shule maalumu ni chache na njia ya kwenda na kurudi kila siku haipo. Jaribu kumpandisha matatu asubuhi mtoto wa kilo ishirini asiyeweza kushika chuma, makanga akipiga bati kuharakisha watu. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mtoto huyu alikuwa mgeni wa likizo. Dada alimjua wa Aprili, wa Agosti na wa Disemba. Sasa akaletewa wa mwaka mzima, na mfuko wa nguo, na karatasi moja yenye majina ya dawa za kifafa. Aliyejua namna ya kumlisha asipaliwe alikuwa yaya wa bweni, na yaya mwenyewe alikuwa njiani kurudi kwao bara.

Hapo ndipo upande wa nyumbani una la kusema, na nalikubali. Shemeji yangu alikuwa mpishi wa hoteli upande wa Bamburi. Kabla ya korona alimwona mwanawe akiwa amelala: akitoka, mtoto amelala, akirudi, mtoto amelala. Hoteli ilipofunga akabaki nyumbani, na wiki mbili za kwanza hakujua pa kuweka mikono yake. Mtaalamu wa mazoezi akawa anamwelekeza kwa video ya WhatsApp, intaneti ikikatika kila dakika ya tano: mwogeshe maji ya vuguvugu kwanza misuli ilegee, shika juu ya goti na kwenye kisigino, nyoosha polepole mpaka panapogoma, usilazimishe, hesabu mpaka thelathini. Mtu aliyezoea kukanda unga wa watu mia mbili ana viganja vya kazi hiyo. Kufika Ramadhani, mtoto alikuwa hataki mwingine amguse miguu ila baba yake.

Dada naye aligundua sauti tatu. Moja ya kiu, moja ya "nigeuzeni", na moja ya mzaha, ambayo mtoto huitoa mtu anapojikwaa. Miaka minne bweni, na ripoti yake kila muhula iliandikwa kwamba hana mawasiliano. Siwalaumu walimu sana. Mwalimu mwenye watoto kumi na watano wa namna hiyo hana saa ya kukaa kimya akisikiliza sauti ya kiu ya mtoto mmoja. Lakini ilichukua ugonjwa wa dunia nzima mtu akapata saa hiyo.

Jirani wa dada ana binti mwenye usonji anayesoma shule ya kutwa. Darasani alikuwa akijiuma mikono kwa sababu ya kelele. Nyumbani, chumba kikiwa kimya, akaacha. Barakoa hakuikubali hata siku moja, kwa hiyo hakutoka nje hata siku moja, na mamake alikuwa akisema kwa kicheko cha uchungu kwamba watu wanalalamika kufungiwa miezi miwili, na mwanawe anakaa ndani huu mwaka wa sita bila ya mtu kuliita jambo hilo karantini.

Basi, kama hadithi ingekuwa hiyo tu, ningejiunga na wanaosema bweni zivunjwe. Kinachonizuia ni mtoto wa rafiki yangu wa Kisauni, ambaye ni kiziwi.

Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwao mtoto huyu lugha ya ishara inayojulikana ni ya mambo matano: njoo, kula, lala, oga, acha. Shuleni kwao ndiko anakotania, anakogombana, anakosimulia ndoto, anakoambiwa siri akaitoa. Shule ilipofungwa hakupoteza masomo peke yake, alipoteza watu wa kuzungumza nao. Hoja ya kwamba mtoto alirudi "miongoni mwa watu wake" inaangukia hapo hapo, kwa sababu watu wake kwa maana ya lugha walikuwa wametawanyika Kwale, Taita na Tana River, na kuanzia tarehe 8 Aprili kaunti ya Mombasa ilifungwa, haingiliki wala haitokeki, mpaka Julai. Serikali ikaleta vipindi vya masomo redioni na kwenye runinga. Redio, kwa kiziwi! Barakoa nazo zikafunika midomo aliyokuwa akiisoma kidogo kidogo. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, na ni haki nzuri, ila lugha ni kitu cha watu wawili. Kijana yule alikaa barazani miezi ile akiwatazama wenzake wanavyocheka, na akicheka nyuma yao kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayefuata sala asiyoijua.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nyumbani ni bora kuliko shule, nitakuuliza ulemavu gani. Na hata ukinijibu, bado sitakuwa nimemaliza, kwa sababu mambo ya mpwa wangu mwenyewe hayakwenda yote kwa uzuri. Mtoto wa miaka tisa anarefuka. Mfupa unakua, msuli uliokaza hauufuati, na kiungo huanza kujikunja na kubaki hivyo. Ndiyo maana huvishwa vifaa vya kushikilia mguu, na vifaa hivyo hubadilishwa kila mtoto anapovizidi. Vyake vilimbana tangu Juni. Kiliniki ya mazoezi ilikuwa imesimamisha miadi isiyo ya dharura, na kiti chake cha magurudumu kilimwacha magoti yamejitokeza nje kama ya mtu mzima aliyekalia kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi. Baba alinyoosha kila jioni bila kukosa. Goti la kushoto lilibaki kama lilivyokuwa. La kulia lilipoteza nyuzi kadhaa za kunyooka, ambazo mpaka sasa hazijarudi. Viganja vya baba vilikuwa vizuri, lakini havikuwa na jicho la mtaalamu anayejua nyonga inapoanza kwenda kando.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na watu waliitoa methali hiyo kila mahali wakati ule, hasa wanasiasa waliokuwa wakigawa unga mbele ya kamera. Nadhani hakuna aliyeifanyia hesabu. Hebu tuihesabu katika nyumba ya dada.

Nyumba ni ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, ua wa pamoja nyuma. Dada ana vyumba viwili, vingine vina wapangaji. Kabla ya Machi, mtoto akiwa likizoni alikuwa hakai kwa mamake peke yake. Huyu anamshika dada akapike, yule anampeleka uani apigwe na upepo, na shangazi alikuja kila siku kutoka Kibokoni kumwogesha. Korona ilileta mikono miwili, ya baba. Iliondoa ya wapangaji wanne walioanza kuogopana hata kwenye bomba, ya shangazi, ya yaya na ya mtaalamu. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale, ambamo Kibokoni imo, ulifungwa. Kutoka Kibokoni hadi Majengo ni mwendo wa kuzungumza na mtu, hata mazungumzo hayajanoga umefika. Shangazi hakuufanya mwendo huo mwezi mzima, na Idi ikapita akimwona mtoto kwenye simu. Wakati huohuo maji ya mfereji yalikuwa ya mgao kama kawaida ya Mombasa, na tuliambiwa tunawe mikono kila saa. Mtoto asiyejizuia haja ana nguo na mashuka ya kufuliwa kila siku. Mitungi ilinunuliwa kwa mkokoteni, ikabebwa na dada. Mgongo wake uliharibika mwaka ule na haujapona.

Halafu kuna usiku. Kafyu ilianza saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na siku yake ya kwanza, tarehe 27 Machi, watu waliokuwa wakingoja feri ya Likoni walipigwa na kurushiwa mabomu ya machozi kabla hata saa yenyewe haijafika. Habari hiyo haikuhitaji gazeti. Kifafa kilipompanda mtoto usiku mmoja wa Aprili kikakataa kushuka, dereva wa tuktuk wa mtaani, mtu mwema ambaye humbeba bure, alisema anaogopa. Alikuja mwishowe, taa zimezimwa.

Na nyumba ya dada ni nyumba yenye watu. Mama anayekaa chumba kimoja kwenye mtaa wa mabanda uitwao Bangladesh, kule Mikindani, akiishi kwa vibarua vya kufua, alikuwa na mikono miwili yote kwa yote, na alitakiwa kuitumia mahali pawili kwa wakati mmoja. Akimfungia mtoto ndani aende akafue, majirani humwita katili. Akibaki, wote wawili hulala njaa. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mlezi wa mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, kama ameandikishwa. Haifiki sabini kwa siku. Wanaosifu malezi ya nyumbani wamwendee huyu kwanza.

Najua nitaambiwa kwamba sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza elimu jumuishi, watoto wasome karibu na kwao pamoja na wenzao, na kwamba hiyo ni hoja ya kuvunja bweni. Naikubali sera. Ila kusoma karibu na nyumbani pamoja na wenzake ni jambo moja, na kulala nyumbani akitazama dari ni jambo jingine, na wengi wanaoitaja hupeana la pili wakiliita la kwanza. Upande wa shule nao hauna budi kuulizwa ni vipi mtoto alikaa kwao miaka minne na sauti zake tatu zisisikike. Sioni kama kuna upande unaoweza kujibu bila kutaja idadi ya watu wazima wanaomshika mtoto kwa siku, majina yao, na kama wanazungumza wao kwa wao. Bweni ilikuwa na watu wachache waliofunzwa, wasiomjua. Nyumbani palikuwa na watu wachache wanaomjua, wasiofunzwa. Kabla ya Machi 2020 hao wa bweni na hao wa nyumbani walikutana siku ya kufunga shule, getini, jua kali, kila mtu na haraka zake.

Oktoba shule zilifunguliwa kwa Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4. Mpwa wangu mtaala wake hauhesabiwi kwa madarasa, akangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Dada hakuwa ameamua kumrudisha mpaka wiki ya mwisho. Shemeji alikuwa amepata kazi ya kukaanga viazi karai kwenye kibanda cha mtu, mikono miwili ikapungua tena, na hilo ndilo lililoamua, hakukuwa na falsafa nyingine.

Alimpeleka na daftari la kurasa 48, lenye mistari, lile la watoto. Ameandika humo mkao wa kumlisha, upande anaopenda kulalia, goti lipi liangaliwe, dalili za kifafa dakika chache kabla hakijaja, na zile sauti. Mwalimu alilipokea getini kwa vidole viwili, kama tulivyokuwa tukipokea vitu siku zile, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama. Kisha akashusha barakoa kidogo akauliza, hii ya kiu ikoje? Dada akaitoa palepale, kwenye foleni, wazazi wakageuka, na mtoto akiwa kitini akatoa ile ya tatu.