Mpishi Asimame Mbele Yetu

Wageni wakitujia kutoka nyumbani, hapa Columbus, Ohio, siku hizi hatuwapeleki tena kwenye baga na piza. Tunawapeleka kwa Wajapani, kwenye mkahawa wa sushi (samaki, mara nyingi mbichi, na wali) na hibachi (upishi wa juu ya bamba la chuma mbele ya mlaji), wa aina inayopatikana karibu kila mji wa Marekani, ubavuni mwa barabara kubwa, umebanwa kati ya duka la simu na kinyozi. Wanakula, wanapiga picha, wanafurahi. Kisha tukiwa njiani kurudi, mmoja wao lazima aseme: "Wenzetu wameendelea bwana. Mpishi anakupikia mbele ya macho yako!"

Kauli hiyo inanikera, ingawa naisikia kwa watu ninaowapenda. Mtu wa Unguja au wa Tanga amekua akila mishkaki iliyochomwa hatua mbili kutoka alipoketi. Urojo ameuona ukitiwa bakulini kitu kimoja kimoja: viazi, bajia, kachori, chipsi za muhogo, pilipili juu yake. Chapati imesukumwa, ikageuzwa, ikaiva, yeye anaangalia. Halafu anavuka bahari kuja kustaajabia jambo aliloliacha mtaani kwao, jambo ambalo akiwa kwao analiona la kimaskini. Hapo kwenye kuliona la kimaskini ndipo ninapogomba.

Kwa asiyewahi kuingia humo, mambo ni hivi. Meza ni kubwa, na sehemu yake ya katikati ni bamba la chuma linalopashwa moto kwa gesi. Viti saba au nane vinalizunguka pande tatu, kwa hiyo familia mbili au tatu zisizojuana zinakalishwa pamoja. Mpishi anakuja akisukuma kigari chenye wali uliokwisha kupikwa, mayai, mboga, kuku, nyama na kamba. Anawasha moto mrefu, watoto wanapiga kelele. Yai analirusha juu na kulipokea kwa ncha ya mwiko wa chuma, likapasuka hapo hapo. Kitunguu anakikata pete nene, anazipanga moja juu ya nyingine, anatia mafuta katikati, na mlima mdogo unatoa moto na moshi. Mkia wa kamba anaurusha ukatue ndani ya kofia yake. Kisha anakugawia, moto moto, kutoka kwenye chuma hadi kwenye sahani yako. Utalipa dola 30 kwenda juu kwa kila mtu, kabla ya bakshishi.

Wageni wetu hudhani hayo ni mapokeo ya kale ya Japani. Siyo. Kupika juu ya bamba mbele ya mlaji kunahesabiwa kuwa kulianza mjini Kobe mwaka 1945, kwenye mkahawa wa Misono wa Shigeji Fujioka, na wageni waliupenda kuliko wenyeji. Aliyeufanya upishi huo uwe maarufu Marekani ni Hiroaki Aoki, aliyejulikana kwa jina la Rocky, mzaliwa wa Tokyo, mwanamieleka aliyehamia New York. Alianzaje? Aliuza aiskrimu kwa gari mitaani Harlem. Kwa lugha yetu, alikuwa machinga. Akaweka akiba, na mwaka 1964 akafungua Benihana, mkahawa wenye meza nne tu, kwenye Mtaa wa 56. Jiko alilileta sebuleni kwa wateja, na kwa kufanya hivyo alipunguza nafasi ya jikoni na kuongeza nafasi ya meza. Mhamiaji, mchuuzi wa barabarani, ndiye aliyewafundisha Wamarekani kulipia pesa nzuri ili wamwone mpishi akifanya kazi yake.

Sushi nayo ni hivyo hivyo, tena zaidi. Kipande cha samaki juu ya tonge dogo la wali lililokandwa kwa mkono kilianza kuenea katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, kwenye miaka ya 1820, na anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wake ni Hanaya Yohei. Kilikuwa chakula cha vibandani. Mtu wa kazi anapita, anasimama, anakula vipande viwili vitatu, anakwenda zake. Baadaye sushi ikaingia ndani ya maduka, bei ikapanda hadi leo kuna mahali Tokyo ambapo mlo mmoja ni mshahara wa mtu. Lakini angalieni walichokihifadhi: mpishi bado anasimama mbele ya mlaji, kaunta tu katikati. Kibanda kiliingia ndani ya jengo kikiwa na heshima yake yote, na mpishi hakufichwa.

Sisi tumefanya kinyume. Mtu akipata mtaji Dar es Salaam au Mombasa na kutaka kufungua hoteli ya hadhi, jambo la kwanza ni kujenga ukuta kati ya jiko na wateja. Anaweka vioo, kiyoyozi, menyu yenye picha, na yule mama aliyekuwa anasonga ugali na kukaanga samaki kwa umahiri, kama amebahatika kuajiriwa, anapelekwa nyuma asionekane. Huo ndio tunaouita usasa.

Nina sababu nyingine ya kulisemea hili, nayo ni shangazi yangu. Alitujia kutoka Unguja, mtu mzima, mwenye msimamo katika chakula. Nilisita kumpeleka kwa Wajapani kwa sababu Mwislamu anayeingia humo ana maswali ya haki. Nyama si ya halali katika mikahawa mingi, bamba ni moja kwa wote, na michuzi mingi ya Kijapani ina mirini au sake, yaani mvinyo wa mchele. Kuna mahali mpishi huchukua chupa ya sake na kuwarushia wateja mdomoni kama sehemu ya mchezo. Tukaenda, tukaagiza kamba na mboga.

Mpishi wa meza yetu alikuwa kijana wa Kiindonesia. Watu wasidhani wanaosimama kwenye mabamba hayo wote ni Wajapani. Wengi ni Waindonesia, Wachina, Wameksiko, wahamiaji kama sisi. Alipomwona shangazi na mtandio wake alimsalimu kwa salamu ya Kiislamu, kisha akainama na kutuambia taratibu ni mchuzi gani una mvinyo na upi hauna. Akamwaga maji juu ya bamba, akakwangua, akafuta, akakwangua tena, akatupikia sisi kwanza kwa siagi, kitunguu saumu na pilipili manga. Familia nyingine pale mezani ikasubiri bila neno. Shangazi alikuwa ameinua shingo muda wote akifuata mikono yake. "Mwanangu," akaniambia, "huyu kisu kimemkubali." Akala akashiba.

Jiko lingekuwa nyuma ya ukuta, nani angetuambia hayo? Tungemuuliza mhudumu, naye angesema hakuna shaka, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kusema. Mpishi aliye mbele yako hawezi kukuficha, na wewe huwezi kumdharau, kwa sababu jasho lake unaliona. Shangazi alimshukuru kwa kumtazama usoni. Hilo kwangu lina thamani kuliko moto wa kitunguu.

Sushi hakugusa, na sikumlazimisha. Mtu wa pwani humjua samaki mbichi kwa kumtazama macho na kumfunua matamvua pale mnadani, halafu anampeleka jikoni. Kumtia mdomoni hivyo hivyo ni jambo jingine. Mwenye kutaka kujaribu ajue tu kwamba usalama wake hautokani na ujasiri. Samaki wengi wanaoliwa wabichi hapa Marekani hugandishwa kwanza, kwa nyuzi 20 chini ya sifuri muda wa siku saba, ili minyoo ife. Jodari hawalazimiki kugandishwa hivyo. Na jodari wa Bahari ya Hindi, wanaovuliwa na meli kubwa za mataifa ya mbali, baadhi huishia kwenye soko hilo hilo la samaki wa kuliwa wabichi, wakati bei yake inawashinda walio karibu na bahari yenyewe.

Sitaki kuupamba ughaibuni. Kuna mambo kwenye meza ile yanayonisikitisha. Watu wanane wanakaa bega kwa bega saa nzima na wengi hawaulizani hata hali. Kila mmoja ana sahani yake na bili yake. Kwetu, ukikaa kwenye benchi moja na mtu mbele ya mchoma mishkaki, mpaka unainuka umeshajua anatoka mtaa gani. Na bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 si ukarimu mtupu. Sheria ya taifa hapa inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, ingawa majimbo kadhaa yameweka kiwango cha juu zaidi. Mteja ndiye anayejazia mshahara. Japani kwenyewe hawana desturi ya bakshishi kabisa.

Lakini kwenye suala la mpishi kuonekana, tulikuwa nalo kabla yao, na tunaliachia. Mwaka 2021 wachuuzi waliondolewa pembezoni mwa barabara Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, na mama lishe wakiwamo. Nasikia hoja ya usafi na ya msongamano, na siipuuzi. Kipindupindu si hadithi. Ila hoja ya usafi inadai maji ya bomba, mfereji, paa na taa. Haidai kuwafukuza wapishi. Anayepikia gizani bila maji halafu akafukuzwa kwa uchafu ametendewa dhuluma mara mbili.

Na mfano wa kufanya vizuri tunao wenyewe. Bustani ya Forodhani, Zanzibar, ilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2009 kwa kazi ya taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Wapishi wa jioni hawakupotea. Leo wamesimama pale na makoti na kofia nyeupe za upishi, pweza na kamba mbele yao, mishkaki juu ya moto, na mgeni aliyeruka saa kumi kutoka Ulaya anasimama kwenye foleni na mtoto wa Malindi, mtaa wa hapo hapo mjini. Hoteli za kitalii nazo zinaijua thamani hii. Usiku wa vyakula vya Kiswahili humtoa mpishi jikoni, humweka ufukweni na jiko lake, na mgeni hulipa kwa dola. Kwa hiyo tunajua kabisa kwamba jambo hili lina heshima. Tumeamua tu kuwa heshima hiyo ni ya wageni.

Ninachokitaka nyumbani ni kidogo na kinawezekana: kila soko na kila kituo cha daladala kitengewe sehemu ya wapishi, yenye maji na taa, na mkataba wa miaka, si wa mwezi, ili mama aweze kununua jiko zuri bila hofu ya kuamshwa na tingatinga. Na mwenye mtaji anayejenga hoteli yake mpya, avunje ule ukuta kwenye ramani kabla fundi hajaujenga.

Huku kwetu ughaibuni nawaambia vijana wanaouliza waanze biashara gani ya chakula: msianze na ukumbi na vitambaa vya meza. Kuchoma kwa mkaa ndani ya jengo kunadai mitambo ya kuvuta moshi na vibali vya zimamoto, na gharama yake itawamaliza kabla ya mteja wa kwanza. Anzeni na gari la chakula, kama Aoki na aiskrimu yake. Liwe na dirisha pana, seredani iwe nje panaporuhusiwa, na mishkaki igeuzwe watu wakiona.