Kompyuta zisizo na diski zinahitaji hesabu ya muda kabla ya kebo ya pili

Shule au chuo kinapoamua kufunga maabara ya kompyuta zisizo na diski, hoja zinazotolewa huwa za kweli: mfumo wa uendeshaji unatunzwa mahali pamoja kwenye seva, marekebisho yanafanywa mara moja tu, na kompyuta ya zamani ambayo diski yake imekufa inarudi kazini. Mradi wa LTSP umekuwa ukifanya hivyo kwa Linux tangu 1999, nami ninauunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Ninachokipinga ni mazoea ya kuuchukulia uimara wa mtandao kuwa suala la manunuzi, yaani swichi mbili (vifaa vinavyounganisha kebo za mtandao), kadi za mtandao mbili na kebo mbili, kisha kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Kwa mashine isiyo na diski, jambo la kwanza la kuuliza ni nani anamsubiri nani, na kwa muda gani.

Chukua wakati umeme unaporudi baada ya kukatika. Kompyuta zote huwaka kwa pamoja, na kadi ya mtandao ya kila moja, kwa utaratibu wa kuwasha mashine kupitia mtandao uitwao PXE, huomba anwani kutoka kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao kwa muda maalumu. Hurudia ombi hilo mara 4, ikisubiri sekunde 4, 8, 16 na 32, kisha hukata tamaa. Wakati huohuo swichi nayo ndiyo kwanza inawaka, na swichi nyingi za kitaalamu huwaka polepole kuliko kompyuta. Hata ikishawaka, mlango wake, yaani tundu la kebo, ukitumia itifaki ya zamani ya kuzuia mizunguko, spanning tree, hukaa sekunde 15 ukisikiliza na nyingine 15 ukijifunza kabla ya kupitisha chochote. Itifaki hiyo kwa kawaida haikwepeki palipo na swichi mbili zilizounganishwa kwa kebo mbili, kwa sababu bila hiyo data huzunguka bila kikomo na mtandao mzima huzama. Hivyo njia ya akiba iliyowekwa kwa nia njema inaweza kuwa ndiyo inayokiacha chumba kizima gizani, ilhali dawa yake haina gharama: kutumia RSTP, toleo lake la haraka, na kuitambulisha milango ya kompyuta kuwa ni ya mwisho, isiyo na swichi nyingine mbele yake, ili ipitishe data mara moja.

Kadi mbili nazo zina masharti yake. Mfumo ukishawaka juu ya NFS, njia ya kusoma faili za seva kupitia mtandao, kadi inayobeba faili za msingi haiguswi tena, kwani ukiizima ili kuiunganisha na mwenzake umeikata mashine na mfumo wake wenyewe; muungano huo sharti ufanyike mapema, ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotangulia mfumo kamili. Mimi huchagua mpangilio wa kadi moja kazini na nyingine akiba kuliko LACP, itifaki ya kuzitumia kadi zote mbili kama njia moja, kwa kuwa PXE haiijui LACP na swichi iliyofungwa kwa LACP pekee inaweza kuikatalia mashine tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, kukagua kama waya una mawasiliano hakutoshi. Taa ya mlango huendelea kuwaka hata pale swichi inapokuwa imetengana na seva, kwa hiyo ni afadhali kadi iwe inaiuliza seva yenyewe kwa ARP, ujumbe mfupi wa kuuliza nani ana anwani fulani.

Kuhusu seva ya pili, wengi hunakili faili kwa programu ya rsync kila usiku na kuamini kwamba wamejikinga. Nakala hiyo inafaa kuwashia mashine upya, lakini haiwezi kuzipokea zilizo kazini, maana mteja wa NFS huitambua kila faili kwa kitambulisho alichopewa na seva ya kwanza, na vitambulisho hivyo katika nakala ni vingine. Anayetaka mwanafunzi aendelee kuandika bila kuhisi badiliko lolote anahitaji diski inayorudufiwa kipande kwa kipande, kwa mfano kwa programu ya DRBD, pamoja na anwani ya IP inayohama kutoka seva moja hadi nyingine.

Hapo ndipo subira inapokuwa na uzito wake. NFS iliyofungwa kwa mtindo wa "hard" husubiri bila kikomo: kishale cha kipanya kinatembea, menyu haifunguki, na amri ya kuchunguza tatizo haipatikani kwa sababu nayo iko upande wa pili wa kebo. Inaudhi, lakini seva ikirudi kazi huendelea pale ilipoishia. Mtindo wa "soft" hurudisha kosa badala ya kusubiri, na kwa faili za msingi ninauona kuwa hatari. Kwa iSCSI, njia ya kutumia diski ya seva kupitia mtandao, programu ya open-iscsi husubiri sekunde 120 kabla ya kutangaza kosa. Penye njia moja muda huo ni mfupi mno, na watunzi wake hushauri sekunde 86400 kwa diski ya mfumo. Penye njia mbili zinazosimamiwa na programu ya multipath ni mrefu mno, na sekunde 5 zinatosha kuhamia njia ya pili.

Kabla ya kumlipa fundi, mwombe achomoe kebo wakati faili kubwa linahifadhiwa, kisha azime seva ya kwanza, halafu aizime DHCP na kuiacha hivyo hadi muda wa anwani upite. Jaribio hilo la mwisho husahaulika zaidi, na mashine ambayo haikuandaliwa huiachia anwani yake na kupoteza mfumo mzima huku kebo zote zikiwa salama.