Siku ya saba ya binti anayeuguza

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mwajiriwa nchini Kenya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Msaidizi wa nyumbani naye yumo. Ndiyo maana katika nyumba moja ninayoijua mtaani Umoja, Nairobi, dada wa kazi huvaa gauni lake zuri Jumapili, akaenda kanisani, kisha kwa binamuye Dandora, na hakuna anayemuuliza. Lakini binti wa nyumba hiyo, anayemuuguza mamake aliyepatwa na kiharusi na sasa anasahausahau, hana siku ya saba. Yeye hakuajiriwa, ni mtoto.

Je, inafaa mtu wa nje aje kukaa na mgonjwa kwa saa chache, ili anayeuguza apate kupumua? Jambo dogo, hadi lifike kwenye kikao cha jamaa. "Mama ana watoto watano," alisema kakake kwa simu, "anaachiwaje mgeni?"

Tusimcheke haraka. Aliyepata kiharusi huweza kupaliwa na kijiko kimoja cha uji akilishwa huku amelala chali. Asiyegeuzwa kila baada ya saa mbili hivi huota vidonda mgongoni na visiginoni. Na anayesahau hawezi kusimulia jioni kwamba alifinywa, au kwamba alikaa na nepi mbichi mchana kutwa. Mgeni akiharibu, hakuna shahidi. Isitoshe, sura ngeni yenyewe humtisha mgonjwa wa aina hiyo. Hofu ya jamaa ina msingi.

Kisichonishawishi ni ile hoja ya damu. Nimeona wanaoishikilia sana ndio wanaokuja Krismasi na katoni ya maziwa. Ibara ya 57 ya Katiba inawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na Serikali pia, lakini hapa "jamaa" maana yake imekuwa binti mmoja ambaye hakuolewa.

Upande wa pesa nao si mwepesi. Kima cha chini cha mshahara wa msaidizi wa nyumbani Nairobi, kilichowekwa Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi, siku moja ni kama shilingi 620. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa kwenye Inua Jamii, mpango wa Serikali wa fedha za kujikimu, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi: siku tatu za mtu asiye na mafunzo yoyote, kabla hujanunua hata nepi moja. Nesi wa kulipwa hata sijamhesabu.

Halafu kuna jambo ambalo wapangaji wa mambo haya husahau, nalo ni ukubwa wa nyumba zetu. Katika chumba kimoja, au chumba na sebule, ukimleta wa kukushikia zamu, wewe utapumzika wapi? Utakaa kando ya kitanda ukimkosoa. Kwa hiyo faida ya huduma hii, kwamba mgonjwa habanduki kitandani pake, huja na sharti lake: anayeuguza lazima atoke.

Jumamosi moja nilijitolea mimi. Kabla ya siku hiyo nilikwenda mara tatu binti akiwapo, mama anizoee. Alinibandikia karatasi kwenye friji: "Saa nne, mgeuze kulia. Uji uwe vuguvugu, umkalishe kwanza. Akiuliza Baba, sema ameenda shamba." Baba alizikwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Mama aliniuliza mara sita, nami mara sita nikampeleka mzee shamba. Binti nilikuwa nimempa ufunguo wa nyumba yangu. Nilidhani angekwenda saluni au sokoni Gikomba. Niliporudi nilimkuta amelala kwenye kochi na viatu miguuni, mkoba ungali begani.

Tangu hapo nasema mgeni aje, ila asiingie akiwa mgeni. Ziara za kwanza zifanyike binti akiwa ndani, na maagizo yaandikwe. Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye tayari huzunguka mtaani na mashine ya kupima presha, apite bila taarifa wakati binti hayupo. Hawezi kuketi na kila mgonjwa, ana nyumba nyingi mno, lakini jicho lake linatosha kumtia mtu adabu. Na bili igawanywe: shilingi 620 kwa Jumamosi nne ni 2,480, yaani shilingi 620 kwa mwezi kwa kila mmoja wa wale watoto wanne wasiouguza.

Kakake nilimtumia hesabu hiyo. Alijibu baada ya siku mbili, akataka kujua huyo mtu atakuja saa ngapi na ataondoka saa ngapi.